Hivyo Viota Vina Watoto, Panga Itangoja

Wasee wangu, leo siongei kuhusu nganya mpya wala nani ameachana na nani. Naongea kuhusu mti. Uko mbele ya ploti yetu hapa Tena, mgunga mkubwa wa miiba, na juu yake kuna viota 31 vya kwera. Nimevihesabu mara tatu nikiwa floo ya tatu, na kila mara napata 31. Sasa kuna notisi imebandikwa kwa geti. Inasema mti utakatwa mwisho wa mwezi huu. Sababu ni mbili: uchafu na kelele.

Nauweka msimamo wangu hapa juu mapema ndio mtu asikuje kusema hakunielewa. Huo mti usikatwe wakati kuna mayai na makinda ndani. Wakisharuka, tuketi chini kama watu tuulizane kama unafaa kukatwa, kupunguzwa matawi ama kuachwa. Hata hiyo siku nitapinga kukatwa, lakini huo ni mjadala wa pili. Huu wa kwanza ni wa wiki tano tu.

Najua kuna wenye wameanza kucheka. "Manze, ndege? Rent imepanda, maji inakuja ikitaka, na wewe unalilia ndege?" Nimeambiwa hivyo na mabeste zangu, tena kwa sauti. Poa. Wacha nijibu moja baada ya nyingine.

Kwanza, jua ni nini unataka kukata.

Yule ndege wa manjano mwenye uso mweusi kama amevaa maski ni dume. Kwa Kiswahili jamii yake inaitwa kwera. Huyu wetu, mwenye mgongo wa madoadoa na jicho jeupe-jeupe la kukushuku, ni kwera wa Speke. Anaishi Kenya, Ethiopia, Somalia na kaskazini mwa Tanzania. Ukitoka nje ya upande huu wa Afrika humpati. Kuna mtu huko Uingereza anaweka pesa miaka miwili ndio apande ndege aje kuona ndege mwenye wewe unamwona ukisugua meno. Halafu wewe unamwita uchafu.

Na kazi anayofanya si mchezo. Kwera hana mikono, hana gundi wala misumari. Ana mdomo na miguu. Anachana ukanda mwembamba wa nyasi mbichi, anaufunga kwa tawi kwa fundo la ukweli, kisha anasuka pete ya kusimama ndani. Kutoka kwa hiyo pete anajenga chumba upande mmoja na mlango upande mwingine, mlango ukiangalia chini. Lazima nyasi ziwe mbichi kwa sababu kavu zinakatika zikikunjwa. Ndio maana hii shughuli yote inakuja na mvua. Masika ikinyesha, nyasi zinaota kando ya barabara, wadudu wanajaa, na mti unageuka kuwa mjengo.

Akimaliza, dume ananing'inia chini ya kiota, anapiga mabawa na kupiga kelele za kuita. Jike anakuja kukagua. Anaingia, anavuta nyasi huku na huku kama mama anayekagua keja kabla ya kulipa deposit. Kama hajaridhika, anaenda. Kwa kwera wengi, kiota kikikataliwa kinakauka, kinageuka kahawia, na dume anakibomoa mwenyewe aanze upya. Madume wachanga ndio hunichekesha. Viota vyao vya kwanza ni aibu tupu, vimelegea kama soksi ya shule. Lakini wanarudia, na wanazidi kuwa fiti kwa mazoezi. Watu wamechunguza haya mambo kwa miaka mingi, si mimi nimeyatunga nikiwa dirishani.

Jike akikubali, anataga na kuatamia karibu wiki mbili. Makinda yakitoka, yanakaa ndani ya kiota karibu wiki tatu yakilishwa. Jumlisha mwenyewe. Kutoka yai hadi mtoto wa kuruka ni kama wiki tano. Hapo ndipo hesabu yangu imetoka. Notisi inataka mti uanguke katikati ya hizo wiki, wakati viota vingine vina mayai na vingine tayari vina sauti ndani. Ukipita chini asubuhi unasikia. Mzazi akifika na kiwavi mdomoni, kiota kizima kinalia.

Mti ukianguka leo, wazazi watapaa na kuishi. Makinda hayatapaa. Mtu awe mkweli na aandike hivyo kwa notisi, si kuandika "usafi" tu.

Pili, hii story ya "ndege ni za Karen".

Hapa ndipo mimi hukasirika. Kuna fikra imekaa kwa vichwa vyetu kuwa miti, ndege na kutulia ni vitu vya watu wa Karen, Runda na Muthaiga. Sisi wa Eastlands yetu ni mabati, simiti, vumbi na spika. Ukimwambia msee wa Umoja ama Donholm unapenda kuangalia ndege, anakuuliza kama umepata scholarship ya wazungu.

Lakini angalia vizuri. Mwewe anayenyang'anya watoto wa shule mandazi kwa uwanja, huyo ni ndege wa mtaa. Kwarara mwenye anakuamsha saa kumi na mbili kama kengele mbovu, huyo pia ni wa mtaa. Wale marabou wenye upara wanaozunguka juu ya Dandora wanakula taka ambazo sisi wenyewe tumetupa. Hao wakisimama wanaweza kufika mita 1.5, na wengine wao huzaa juu ya migunga ya Mombasa Road karibu na Nyayo, matatu zikipita chini. Mtoto wa marabou anachukua karibu miezi minne kabla ya kuruka. Miezi minne juu ya moshi na honi! Hakuna mtu amewaletea hao ndege Nairobi. Wanaishi hapa na sisi, kwa shida zetu hizi hizi.

Sasa linganisha. Novemba 2020, wakati Expressway ilikuwa inajengwa, kulikuwa na mugumo kando ya Waiyaki Way, Westlands, mti wa karibu miaka 100, na ulikuwa njiani kuondolewa. Watu walipiga kelele, wakaandika, wakaandamana. Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri rasmi mti ubaki. Ukabaki. Mimi nafurahia hiyo siku, na si tu kwa sababu mugumo ni mti wa heshima kwa Wakikuyu. Ilionyesha kuwa hata barabara ya mabilioni inaweza kukunja kona kwa ajili ya mti mmoja.

Basi niulize: kama barabara ya mabilioni iliweza kukunja kona, kamba ya nguo ya ploti ya Tena haiwezi kusongeshwa mita tatu?

Kabla ya hapo, 1989, Wangari Maathai alisimama peke yake karibu, akapinga jengo la ghorofa 60 kujengwa ndani ya Uhuru Park. Alitukanwa bungeni na magazetini. Leo ukienda pale Jumapili na mtu wako kupiga picha, unakanyaga nyasi ambayo yeye aliitetea. Na tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupatia holiday nzima ya kupanda miti, kwa mpango wa kufikisha miti bilioni 15 ifikapo 2032. Sisi wote tulipiga selfie na mche. Sasa nieleze hii hesabu: tunapewa siku ya kupanda mche wa urefu wa goti, halafu tunakata mti uliofika floo ya tatu kwa sababu umedondoshea gari kinyesi. Mche huo utachukua miaka mingapi kufika hapo?

Tatu, uchafu na kelele.

Sitadanganya, uchafu upo. Nguo nyeupe zikianikwa chini ya mgunga zinarudi na ramani. Mama mmoja wa floo ya chini alifua uniform za watoto wake watatu, akaziosha tena siku hiyo hiyo, na maji yenyewe alinunua kwa mtungi. Hasira yake ni ya haki. Siwezi kumwambia avumilie tu eti kwa sababu mimi napenda kuona vitu vizuri.

Lakini jibu la shida yake ni kamba. Upande wa pili wa ploti kuna ukuta unaopigwa na jua kuliko huku mbele, na hauna mti. Misumari minne na kamba mpya ni pesa ndogo kuliko ya kumlipa mtu wa kukata mgunga wenye miiba, kuusomba na kutafuta gari la kuubeba. Nimejitolea kununua kamba. Nimesema hivyo mbele ya soja na mbele ya mama mwenyewe. Magari nayo yana turubai, ama yaegeshwe upande ule. Kinyesi kinatoka kwa maji. Kinda likianguka kwa simiti, hakuna maji ya kulirudisha.

Kelele? Wasee, tuko Eastlands. Tuna spika ya kanisa, spika ya klabu, fundi wa kuchomelea milango, na makanga wa Manyanja Road. Kwera wanaanza kukipambazuka na jua likizama wananyamaza wote. Ni nani mwingine hapa mtaani anayezima sauti saa moja jioni bila kuitiwa chifu?

Kuna pia wenye wanasema ndege ni maadui wa wakulima, mnakumbuka ile story ya Kisumu. Ni kweli, Januari 2023 serikali ilianza kupulizia dawa kwelea waliovamia mashamba ya mpunga kule, kelele ikiwa ni ndege karibu milioni 6. Kwelea ni wa ukoo mmoja na kwera, sikatai. Mkulima aliyepoteza mpunga wake ana kilio chake na sitamchezea. Lakini niambie, ni nani analima mpunga Tena? Shamba letu ni magunia ya sukuma kwa balkoni. Na kwera hulisha watoto wao wadudu, viwavi wakiwemo. Wale wale wanaotoboa sukuma yako. Hapa kwetu huyu ndege anafanya kibarua bila kulipwa.

Nne, "ni mali yake, afanye atakavyo".

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, na wengi huisema kwa sauti ya chini kwa sababu wanaogopa kupewa notisi ya kuhama. Ploti ina mwenyewe. Amejenga kwa jasho lake, anataka kuongeza vibanda mbele, na vibanda ni pesa. Mimi ni mpangaji, tena naishi kwa wazazi. Nani amenipa mdomo?

Nakubali mali ni yake. Sidai mti kwa jina langu. Lakini mali haimaanishi kila kitu kilicho ndani yake ni chako. Maji ya mvua yakipita kwa ploti yako huwezi kuyazuia yafurike kwa jirani. Na wanyamapori wa nchi hii si wa mwenye ploti. Sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya 2013 haikuandikwa kwa ajili ya simba na ndovu peke yao. Ndege wa porini akijenga kwa mti wako, hajawa kuku wako.

Mbali na sheria, kuna utu. Kila kabila ambalo limewakilishwa hii ploti lina njia yake ya kukataza mtoto kuchezea kiota. Uliza shosho yako. Wangu wa ushago, mwenye hajawahi kusikia neno mazingira kwa redio akalitumia, alitukataza kabisa kugusa kiota chenye mayai. Hakutoa lecture. Alisema tu, "Hapo kuna mtu analea." Sisi tumekuja mjini, tumesoma kumshinda, na tunataka kuonekana tumesahau.

Na vibanda havikimbii. Simiti ya mwezi huu itakuwa simiti ya mwezi wa saba. Hakuna mwenye ploti atafilisika kwa kungoja wiki tano. Kama mtu hawezi kupatia kiumbe wiki tano ambazo hazimgharimu kitu, basi tuache kusema ni mambo ya pesa. Tuseme ukweli kuwa ni haraka tu, na hatupendi kuulizwa.

Sasa nigeukie watu wangu, wa kamera.

Maana si mwenye ploti pekee anayeharibu. Sisi wa content ndio wabaya zaidi siku hizi. Nimeona video ya msee amepanda mti, ameingiza mkono kwa kiota, ametoa kinda lisilo na manyoya, analishika mbele ya simu huku akicheka. Views ni nyingi. Ametaga nini huyo? Kiota cha kwera kinashikiliwa na tawi jembamba makusudi, ndio nyoka asifike. Ukipanda, unalivunja kwa uzito wako. Wazazi wakikuona hapo nusu saa, hawalishi kwa hiyo nusu saa.

Unataka video kali? Simama mbali, tulia, tumia zoom. Rekodi dume akifunga fundo lake la kwanza. Rekodi jike akikataa nyumba. Hiyo ni drama kuliko series yoyote, na haiombi subscription. Usicheze sauti zao kwa spika ili waje karibu, unawachanganya tu wakidhani kuna adui. Na ukipata kinda limeanguka likiwa hai, lirudishe kiotani ama kwa tawi la karibu ukiweza kufika bila kuvunja kitu. Ile story eti mama ananusa mkono wa mtu anamkataa mtoto ni uongo wa kitambo.

Na kama unadhani kuangalia ndege ni kitu kimeanza na apu, hapana. Kuna matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Nairobi Museum tangu 1971, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno, chini ya shirika ambalo leo tunaliita Nature Kenya. Shirika lenyewe ni la 1909. Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege. Hizi si habari za siri. Shida ni kuwa Jumatano asubuhi wewe uko class ama uko job, na museum ni fare mbili. Basi tuanzishe yetu. Jumamosi, hapa Tena, kutoka geti hadi geti. Hatuhitaji darubini ya elfu arobaini. Tunahitaji macho, daftari na mtu wa kunyamaza dakika kumi. Hiyo ya kunyamaza ndiyo ngumu.

Kwa nini nalilia haya yote? Kwa sababu nimeona vijana wa rika langu wamechoka. Hatuna uwanja, ule uliokuwepo umejengwa. Hatuna bustani ya kukaa bila kufukuzwa. Kitu kimoja hai ambacho kinaendelea mbele ya macho yetu, cha bure, chenye mwanzo, kazi, kukataliwa, kuanza upya na kulea, kiko juu ya huo mti. Ndugu yangu mdogo ana miaka tisa. Tangu Machi ameacha kuomba simu yangu jioni. Anakaa dirishani na kalamu, anaandika kiota nambari ngapi kimepata jike. Daftari lake limejaa. Huo mti ukikatwa katikati ya hadithi, tutakuwa tumemfundisha kitu, na si kile kilichoandikwa kwa notisi.

Ombi langu ni fupi, na linafaa ploti yoyote kutoka Kayole hadi Buruburu.

Moja: hakuna kukata mti wenye viota vinavyotumika. Angalia juu kwanza. Kiota cha kijani chenye ndege wa kuingia na kutoka kina wenyewe.

Mbili: kama tawi linagusa waya ama paa, likatwe hilo tawi, viota vikishatoka. Mti wote haujakosa.

Tatu: wapangaji waulizwe. Sisi ndio tunaishi chini ya hicho kivuli saa saba mchana mabati yakiwaka.

Nne: ukisikia mti wa mtaa wako unakatwa, usingoje uanguke ndio upige picha ya huzuni. Piga picha ya viota sasa, andika tarehe, peleka kwa mkutano.

Wetu ni Jumamosi hii saa kumi jioni, hapo chini kwa geti. Mimi nitakuja na kamba mpya, misumari minne na daftari la ndugu yangu. Kama unaishi hii ploti, tafadhali toka nje, hata kama unakuja kunipinga. Ukinipinga, simama chini ya mgunga wakati unaongea, na uongee kwa sauti ya kushinda ile inayotoka juu.